Unga wa Kijani wa Mwethya

Mimi ni mtu wa kufunua sufuria kabla haijachemka. Nikipewa zawadi iliyofungwa naipapasa kwanza nijue kama ni kitambaa au ni kikombe, na kitabu nikikinunua naanza na ukurasa wa mwisho. Mama mdogo, ambaye alinilea kwake Kathiani baada ya mama yangu kufariki, alikuwa akiniambia kwamba nilizaliwa nimechelewa kufika mahali fulani na mpaka leo nakimbilia huko. Kwa hiyo sijui ni nani aliyeniangalia mimi, kati ya watu wote wa Machakos waliokuwa wakitafuta kazi, akaona nafaa kwa kazi ambayo sharti lake la kwanza lilikuwa kutojua.

Ilikuwa kazi ya utafiti wa lishe. Kulikuwa na unga wa kijani uliotengenezwa kwa majani ya mlonge, majani ya mchicha na mwani, na watafiti walitaka kujua kama mwanamke akiukoroga kwenye uji wake kila asubuhi damu yake itaongezeka. Vilima vyetu vina kina mama wengi wenye damu kidogo. Wanaamka wamechoka, wanalima wamechoka, na ukiwauliza watakuambia ni jua. Kazi yangu ilikuwa kuwapelekea pakiti nyumbani, kuuliza kama zile za mwanzo zimeisha, kuwapima damu mara moja moja, na kusikiliza malalamiko juu ya ladha.

Malalamiko hayo yalikuwa ya haki. Kabla ya kuanza kazi tulipelekwa kuona mwani unavyokuzwa, huko kwenye tambarare za upande wa Konza, ambako ukiangalia mbele unaona nyasi tu na ng'ombe wa ranchi. Chini ya paa refu la nailoni kulikuwa na mabwawa yasiyofika hata magotini, maji yake ya kijani kizito, na magurudumu yakiyazungusha polepole bila kupumzika. Fundi wa pale alichota, akachuja kwa kitambaa, na kilichobaki akakikamua kikatoka nyuzi nyuzi kama tambi, akazitandaza zikauke. Nilionja. Ilikuwa ladha ya bwawa ambalo ng'ombe wamekunywa na wakasahau kutoka. Mwenzangu mmoja alienda nyuma ya gari akatema kwa adabu.

Sasa hilo sharti. Pakiti zilikuwa za aina mbili, zenye stika ya njano na zenye stika ya bluu. Aina moja ilikuwa na unga wenyewe. Ile nyingine ilikuwa unga wa mahindi uliotiwa rangi ya kijani na harufu kidogo, usio na mlonge wala mwani, wa kudanganyia macho na pua. Anayepokea hakujua amepewa upi, mimi ninayepeleka sikujua, na hata daktari mkuu wa utafiti, mwanamke mrefu mwenye sauti ya chini, hakujua. Alijua mtu mmoja tu aliyekaa mbali, ambaye hatukuwahi kumwona. Tulielezwa kwamba ndivyo inavyotakiwa, kwa sababu mtu akijua anakunywa dawa atajisikia vizuri hata kama anakunywa maji, na anayempima akijua naye ataona kile anachotaka kuona. Nilielewa. Ila kuelewa ni kitu kimoja, na kupanda kilima na mkoba uliojaa siri ambayo hata wewe hujaambiwa ni kitu kingine.

Na kilima chenyewe kilikuwa cha kwetu. Kikundi cha mama mdogo ni mwethya, yaani kikundi cha kusaidiana kazi: leo kina mama wote wanachimba matuta kwenye shamba la huyu, juma lijalo kwa yule, na mvua ikija kila mtu ana matuta. Yeye ndiye mwenyekiti. Walipokubali kuingia kwenye utafiti, kila mmoja aliokota kikaratasi kwenye kikapu, na kikaratasi ndicho kilichoamua rangi yake. Mama mdogo aliokota njano. Jirani yake wa boma la chini, mwanamke mdogo ambaye mume wake anafanya kazi kiwandani Mavoko na hurudi mwisho wa mwezi, aliokota bluu. Alikuwa na mtoto mgongoni ananyonya bado. Kwa sababu mama mdogo ni wangu, nilikatazwa kumpima. Mwenzangu ndiye aliyekuwa akimchoma kidole na kuingiza tone la damu kwenye mashine. Mimi nilileta pakiti, nikasimama mbali, nikauma kucha.

Niliuma kucha kwa sababu nilikuwa nimemwona. Mwaka ule mama mdogo alikuwa ameanza kushika ukuta. Alikuwa akitoka jikoni na sufuria, anasimama, mkono unatafuta ukuta kama mtu anayetafuta swichi gizani, halafu anaendelea na habari zake. Ukimuuliza anasema alikuwa anafikiri. Siku moja alianguka kisimani na mtungi ukamvunjikia, akasema ni utelezi, na mvua ilikuwa haijanyesha tangu sijui lini. Damu yake ilionekana ni kidogo, ingawa si kidogo kiasi cha kupelekwa zahanati mara moja. Nilimtaka apate ule unga wenyewe. Nilimtaka aupate kuliko nilivyotaka chochote mwaka ule, na kanisani nilikuwa nikipiga magoti naomba stika ya njano iwe ndiyo, maombi ambayo padri angeyasikia asingejua aseme nini.

Dalili zilikuwa nzuri. Pakiti za njano zilinuka. Harufu ya bwawa ilipenya karatasi, ikaingia kwenye mkoba, kwenye koti, hata kwenye chapati zangu za mchana. Za bluu zilinuka majani makavu tu. Sikuhitaji kufungua kitu. Pua yangu ilikuwa imeshahukumu. Na kweli, baada ya muda mama mdogo akaanza kupanda kile kilima cha kwenda kanisani bila kupumzika pale kwenye jiwe. Siku ya kupimwa alinipigia simu mwenyewe.

"Wameniambia imepanda," akasema. "Si sana, lakini imepanda. Nikunywe hii matope mpaka lini?"

"Mpaka mwisho, mama."

"Aiya. Basi nitakunywa."

Nilipokata simu nilicheka peke yangu barabarani, mtu akanipisha njia.

Asubuhi moja gari la mradi lilipangiwa safari nyingine, likaniacha Kathiani mapema badala ya alasiri. Nikaamua niende moja kwa moja shambani walikokuwa wakichimba matuta, niwape pakiti kabla hawajaanza. Nikatokea juu ya shamba, nikawaona chini wamekaa duara, majembe yamelazwa pembeni. Katikati palikuwa na karai, lile la kuchanganyia simenti. Mama mdogo alikuwa amepiga magoti mbele yake na mwiko mkubwa wa kusongea, anakoroga. Mikono yake ilikuwa kijani mpaka kwenye viwiko. Pembeni kulikuwa na rundo la pakiti zilizochanwa, njano na bluu pamoja, na kila mama alikuwa ameshika kopo lake akingoja zamu. Mmoja akapiga chafya, wingu la kijani likapanda, wakacheka wote.

Nilishuka matuta yale bila kuangalia ninapokanyaga.

"Mnafanya nini?"

"Tunagawa," mama mdogo akasema, hata hakuinuka. "Leo umekuja mapema. Umekunywa chai?"

"Mnagawa nini? Hizo si zilikuwa za kila mtu na yake?"

"Ndiyo. Sasa tumeleta pamoja."

Mama mmoja mnene aliyekuwa karibu naye akaniona ninavyohema, akajaribu kunisaidia. "Unajua, daktari, hii ya njano iko na nguvu. Unaskia tu harufu. Hii ingine ya bluu ni kama nyasi. Sasa wengine wakunywe dawa, wengine wakunywe nyasi, na hii matuta tunachimba wote?" Mimi si daktari, lakini vilimani mtu yeyote anayeshuka kwenye gari na mkoba ni daktari.

"Tangu lini?"

Wakaangaliana. "Tangu zile pakiti za pili," mama mdogo akasema. "Ni sheria ya mwethya. Kitu ikiingia hapa inapita katikati kwanza. Hata mbegu ya serikali tuligawa hivi. Hata zile blanketi."

Yule jirani mdogo wa boma la chini alikuwa ameinamisha kichwa, mtoto anavuta kitambaa chake. "Mimi nilikataa," akasema polepole. "Nilimwambia mwenyekiti anywe tu yake. Akasema haiwezekani."

"Nikunywe peke yangu nikinyamaza?" mama mdogo akasema. "Na wewe unanyonyesha? Hapana."

Nilipandwa na hasira ambayo bado naikumbuka mwilini. Nilipaza sauti mbele ya wanawake ambao baadhi yao walinifuta makamasi nikiwa mdogo. Niliwaambia wameharibu kazi yote, kwamba hakuna mtu atakayeweza kusema unga umefanya nini kama kila mtu amekunywa wa mwenzake, kwamba wangekuwa wamemwaga mtoni ingekuwa afadhali. Lakini si kazi iliyokuwa ikiniuma. Nilikuwa nimehesabu kwamba mama mdogo anakunywa unga wote wa njano, na kumbe alikuwa akinywa nusu, nusu nyingine anawapa wengine, mwanamke ambaye hawezi kutoka jikoni bila kushika ukuta. Hilo sikulisema. Nilimwangalia tu, naye akaendelea kukoroga ili uchanganyike sawa.

Utaratibu ulikuwa wazi. Ukiona jambo kama hilo unapiga simu siku hiyo hiyo. Nikapanda mpaka mahali penye mtandao, karibu na duka la mbolea, nikampigia daktari mkuu. Akaniuliza kama nimewakemea. Nikasema ndiyo. Akasema, "Basi usirudie. Nitakuja mwenyewe," na akaniambia nisigawe pakiti zozote mpaka afike.

Kutoka siku hiyo nilikuwa mtu asiye na makalio ya kukalia. Nilijua sheria inasema nini: nyumba iliyochanganya inatolewa, na ikitolewa, pakiti zinakoma na kupimwa damu kunakoma. Hapa haikuwa nyumba moja, kilikuwa kikundi kizima, pamoja na mwenyekiti wake. Nililala kwa mama mdogo siku zile za kungoja, nikafagia ua uliokwisha kufagiwa, nikapanga kuni kwa urefu, nikaangalia simu, nikaenda mpaka barabarani kuangalia kama kuna gari, nikarudi. Niliondoa utando wa buibui mahali ambapo hata buibui alikuwa ameshahama.

"Keti chini," mama mdogo akaniambia. "Unanizungusha kichwa, na hii kichwa inajua kujizungusha yenyewe."

"Mama, watawatoa."

"Wote?"

"Wote. Na unga utakwisha. Na kama ni huo unga ndio unakushikilia?"

Alikuwa anachambua kunde, akatupa moja mbovu kwa kuku. "Kama wanatoa wote, sawa. Ningeskia vibaya kama wangetoa wengine."

Nilitaka kumtikisa. Kuna watu ambao utulivu wao ni pumziko kwa wenzao, lakini wa mama mdogo kwangu ulikuwa kama kuwashwa mahali ambapo mkono haufiki. Nikatoka tena kwenda barabarani.

Daktari mkuu alikuja na viatu vya shamba, jambo ambalo kina mama waliliona na kulitaja kabla hajasalimia. Aliketi juu ya tuta kama wao. Hakuwakaripia. Aliwauliza jinsi walivyokuwa wakigawa, nao wakamweleza kwa fahari, mpaka yule mama mnene akaonyesha kwa mikono jinsi mwenyekiti anavyosawazisha kopo kwa kidole ili asiwepo anayepata kichuguu na mwingine bonde. Daktari alicheka kidogo. Kisha akaacha kucheka.

"Mama, najua mlifanya kwa upendo," akasema. "Lakini sasa siwezi kujua ni nini kilichowasaidia au hakikuwasaidia."

"Nyinyi mnataka kujua," mama mdogo akasema, "na sisi tunataka kupona. Ni vitu mbili."

"Ni viwili, ndiyo. Lakini kesho wakija watu na kusema huu unga ununuliwe upelekwe shule zote, watoto wenu waunywe kila siku, na kumbe hauna faida yoyote? Au wakisema usinunuliwe, na kumbe ungewafaa? Nitawajibu nini?"

Mama mdogo aliangalia majembe. "Hapo uko na ukweli," akasema. "Lakini ungetuambia hii maneno ukituletea kikapu. Tungesema hapana mapema. Sisi hatuwezi kula tofauti na tuko mwethya moja."

Daktari akasema ni kweli, hilo lilipaswa kuulizwa mwanzoni, na kosa ni lake. Akawaambia kwamba watatoka kwenye utafiti. Watapimwa damu mara moja ya mwisho, kwa ajili yao wenyewe, na atakayeonekana ana shida ataandikiwa kwenda zahanati. Mama mdogo akauliza kama angalau wanaweza kuambiwa njano ilikuwa nini na bluu ilikuwa nini. Daktari akasema hata yeye hajui, ila siku itakapojulikana watakuwa wa kwanza kuambiwa. Basi wakashikana mikono, na kina mama wakamfungia maembe kwenye mfuko, wakaenda kuchimba matuta. Mimi niliingia kwenye gari nikafunga mlango kwa nguvu kuliko ilivyohitajika.

Kipimo kile cha mwisho kilionyesha kwamba damu ya mama mdogo ilikuwa imepanda tena na sasa ni nzuri. Ya jirani wa boma la chini ilikuwa imeshuka kidogo, si ya kutisha, akapewa vidonge vya zahanati kama wenzake wawili watatu. Basi. Pakiti zikakoma.

Mimi niliendelea na kazi kwenye vilima vingine, nikigawa njano na bluu kwa watu wasio wangu, na kila nilipoingia ua nilichungulia jikoni kama kuna karai. Nilikuwa nimegeuka askari. Siku za kupumzika nilikwenda Kathiani kumchunguza mama mdogo. Nilimhesabia hatua kutoka jikoni mpaka mlangoni, nikaangalia mkono wake kama unatafuta ukuta. Nilimletea majani ya mlonge kutoka kwa wauzaji wa Kyumbi, nikayakausha juu ya mabati, nikayatwanga, akayanywa huku ananikodolea macho. Alikuwa salama. Lakini nilishindwa kutulia, kwa sababu sikujua ni nini kilichomsalimisha. Labda ile nusu ya unga. Labda mvua iliyokuja na mboga zake. Labda ng'ombe aliyezaa, au kupumzika baada ya mavuno, au maombi yangu yale ya ajabu. Na kwa sababu ya mwiko wake mwenyewe wa kukorogea hakukuwa na mtu duniani ambaye angeweza kunijibu. Usipojua kilichomwinua mtu utakilindaje? Swali hilo lilinifuata kazini na likarudi nami nyumbani.

Utafiti ulipokwisha tuliitwa sote kwenye ofisi ya Machakos. Kulikuwa na soda na mandazi. Daktari mkuu akatueleza kwa sauti yake ya chini kwamba mahali pengine kina mama waliokunywa unga wenyewe walionekana kuongezeka damu kuliko wenzao, na mahali pengine tofauti haikuwa wazi, hivyo mambo bado yanahitaji kuchunguzwa zaidi. Niliuma mandazi kwa hasira. Kazi yote ile, na jibu lake ni labda. Halafu akasema, kana kwamba ni jambo dogo, kwamba unga wenye mlonge na mwani ulikuwa wa bluu.

Mwenzangu aliyekuwa akimpima mama mdogo alinigeukia. Mimi niliuliza swali kabla daktari hajamaliza sentensi: na ile harufu? Daktari akacheka kwa uchovu. Waliotengeneza ule unga wa kudanganyia waliogopa watu wasije wakautambua, wakazidisha harufu ya mwani. Unga wenyewe ulikuwa umekaushwa vizuri na haukunuka sana.

Sikungoja soda. Nilipanda Kathiani moyo unaruka. Mama mdogo, ambaye sote tuliamini ana dawa, alikuwa na unga wa mahindi. Kama angekunywa zake peke yake, kama nilivyotaka, kama nilivyomgombeza kwa kutofanya, asingeonja unga wenye mlonge na mwani hata kijiko. Chochote cha kweli alichokipata kilitoka kwa wenzake wa bluu, kwa sababu ya ile sheria yao niliyoipigia kelele. Nilikuwa nacheka na machozi yananitoka. Nilitaka kumwona akicheka pia, na nilitaka kumwomba radhi, na nilitaka vyote viwili kwa wakati mmoja, kabla hata sijafika.

Nilimkuta uani anapepeta mahindi yaliyokobolewa ya muthokoi. Nikamwambia yote nikiwa nimesimama. Nikasema umeona, mama, ulidhani unawapa wewe, kumbe wao ndio walikuwa wanakupa.

Hakucheka. Ungo ukasimama mikononi mwake, makapi yakaendelea kupeperuka kidogo halafu yakatua.

"Ya bluu ndiyo ilikuwa dawa," akasema.

"Ndiyo, mama."

"Hata ya yule wa hapa chini."

"Hata yake. Lakini hakuna anayejua kama ingemsaidia, daktari mwenyewe amesema—"

"Na mimi nilichukua nusu. Yeye alikataa, nikamlazimisha." Aliweka ungo chini. "Nikampa unga wa mahindi, na ananyonyesha."

Nilianza kumweleza kwamba hakuwa na njia ya kujua, kwamba sote tulidanganyika, kwamba vidonge vya zahanati vimemsaidia yule dada, kwamba pua yangu ndiyo iliyo na makosa kuliko zote. Yeye alikuwa ameshaingia ndani kutafuta leso yake. Nikamwambia jua bado ni kali, angoje jioni. Alinipita mlangoni. Nikamfuata kwenye kile kinjia cha kuteremka, yeye mbele, anatembea haraka kwa miguu ambayo mimi nilikuwa nikiishukuru dakika chache zilizopita.

Jirani alikuwa akianika nguo, mtoto yuko chini kwenye gunia pembeni yake. Alitukaribisha, akataka kuleta viti. Mama mdogo hakungoja viti. Alimwambia pale pale, wamesimama, kwa Kikamba, kwa maneno machache kuliko niliyotumia mimi: kwamba pakiti zake ndizo zilizokuwa dawa, na yeye mwenyekiti alimfanya azimwage pamoja na za wengine. Mwanamke yule alimsikiliza akiwa ameshika shati lililolowa. Kisha akanigeukia mimi.

"Kwa hivyo huyu angekuwa amenyonya hiyo?" akaniuliza, akimwonyesha mtoto kwa kidevu. "Angekuwa mkubwa saa hii?"

Nilikuwa na majibu yote ya ofisini, labda, na pengine, na mambo bado yanachunguzwa, na yote yalikuwa ya kweli. "Sijui," nikasema. "Hakuna mtu anajua. Hatutajua."

Alitikisa kichwa taratibu, akaangalia shati mkononi, akalianika. Alilinyoosha mikono yote miwili mpaka likakaa sawa. Kisha akainama, akamwinua mtoto kutoka kwenye gunia, na badala ya kumweka mgongoni akamkabidhi mama mdogo. "Nishikie kidogo," akasema, "nikapike chai," na akaingia jikoni, akarudisha mlango.

Tulibaki uani. Ndani hatukusikia sufuria wala kuni. Mama mdogo alimpandisha mtoto kifuani, akampima kwa mikono yake miwili kama wanavyofanya wanawake waliobeba watoto wengi, akamshusha kidogo, akampandisha tena.

"Ni mwepesi," akaniambia, bila kuniangalia. "Huyu mtoto ni mwepesi sana."